Mnaotaka kuhamia Bowling Green, Kentucky: maisha ya mji mdogo wa Kusini mwa Marekani yalivyo

Mkasulu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Karibu kila wiki napata sauti za WhatsApp kutoka kwa ndugu walioko Houston, Phoenix, hata Ohio: "Tunasikia Kentucky nyumba bei poa na kazi zipo, tuje?" Kumjibu mmoja mmoja kumenishinda. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Naongelea Bowling Green ya Kentucky, siyo ile ya Ohio. Sensa ya 2020 ilihesabu hapa watu 72,000 na ushee. Kwa jimbo hili huo ni mji wa tatu kwa ukubwa, baada ya Louisville na Lexington. Kwa mtu aliyezoea Dar au Bukavu ni mtaa tu wenye taa nyingi za barabarani. Barabara kuu ya I-65 inapita pembeni: ukishuka nayo kusini kilomita mia na kidogo uko Nashville, ukipanda kaskazini kilomita kama 180 uko Louisville. Katikati ni mashamba ya mahindi, soya na tumbaku, ng'ombe weusi, makanisa, na maghala ya mbao ya kukaushia tumbaku yaliyopakwa rangi nyeusi.

Sasa mtu atauliza, Waswahili walifikaje huku? Njia ilifunguliwa na Wabosnia, waliokimbia vita vyao miaka ya 1990. Lilikuwepo shirika la kupokea wakimbizi, viwanda vilikuwa na njaa ya watu, wakabaki. Baada yao wakaja Warundi, watu wa Burma, Wairaki, halafu sisi Wakongo tuliotoka Nyarugusu na kambi nyingine, juzi juzi Waafghani. Ndiyo maana kwenye mji mdogo namna hii unaweza kununua mkate kwa Mbosnia asubuhi, jioni ukapata dagaa na ndizi za kupika, na kwenye foleni ya duka kubwa usimsengenye mtu kwa Kiswahili. Utajibiwa.

Kazi. Mji huu unajulikana kwa Corvette. Tangu 1981 gari hilo linaundwa hapa tu, duniani kote. Lakini usije na ndoto ya kushuka kwenye basi leo na kesho unafunga matairi ya Corvette. Kazi zile zina chama cha wafanyakazi, zina foleni yake, na wenyeji wanazisubiri. Mgeni anaanzia kwenye viwanda vya vipuri, maghala ya kupakia mizigo, au viwanda vya kuchinja kuku. Na mara nyingi hukuajiriwa na kiwanda bali na ajensi, unakaa kwa ajensi miezi kadhaa, wakiridhika nawe ndipo kiwanda kinakuchukua na kukupa bima ya afya. Sheria ya Kentucky bado inasema kima cha chini ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009, lakini viwanda vingi vinalipa mara mbili ya hiyo na zaidi, maana wasipofanya hivyo hawapati mtu.

Kinachotesa si mshahara, ni zamu. Ya kwanza asubuhi, ya pili mchana hadi usiku, ya tatu usiku kucha. Familia nyingi za kwetu mume yuko ya pili na mke ya kwanza ili asiwepo wa kulipwa kulea watoto. Kuna wanandoa wanaoonana kwenye maegesho ya kiwanda tu, mmoja anashuka, mwingine anapanda, mtoto amelala kiti cha nyuma. Jumapili ndiyo wanagombana kwa nafasi.

Ngoja nikaingie kazini. Naendelea na habari ya gari, hiyo ndiyo kubwa.

Nipo_Houston

Siti ya mbele nimekaa. Leta vitu mkuu.

Kijana270

Wa kwanza kutoka 270 hapa (ndiyo namba ya simu ya eneo letu). Mzee sema ukweli, usiwauzie watu mbuzi kwenye gunia. Mwambie huyo wa Houston saa tatu usiku mji umelala.

Mkasulu

Nimerudi. Kijana, subiri zamu yako.

Gari. Hapa ndipo pesa unayookoa kwenye kodi ya nyumba inapokwenda. Wanaohama kutoka miji mikubwa wanapiga hesabu ya chumba na kusahau hesabu hii.

Basi za mji zipo, ndogo, za mchana. Zamu ya tatu inaanza wakati basi limeshalala. Njia ya waenda kwa miguu unaifuata vizuri, ghafla inakwisha, unabaki na majani na mtaro, malori yanakupita ubavuni. Viwanda vingi viko nje ya mji kwenye maeneo ya viwanda, na baadhi ya vile vya kuku viko kaunti nyingine kabisa, mwendo wa saa nzima. Kwa hiyo mgeni anaanza kwa kulipia lifti: mwenzako ana gari la siti saba, anawakusanya usiku, kila Ijumaa unampa chake. Ukipiga hesabu ya mwaka, ungekuwa umenunua gari. Lakini huna leseni, na hela ya kulinunua kwa mkupuo huna.

Halafu kuna pointi. Viwanda vingi havikufukuzi kwa kukuchukia, vinahesabu. Umechelewa, nusu pointi. Hukutokea, pointi nzima. Zikifika idadi yao, asante kwa heri, na msimamizi atakuambia huku anakuonea huruma kweli. Sasa yule mwenye siti saba akipasukiwa na rejeta, watu sita wamepata pointi asubuhi moja. Ndiyo maana utaona mtu ana wiki chache nchini, hajui kusoma barua ya benki, lakini anajua kubadilisha betri gizani.

Gari la kwanza la kila mtu ni bovu. Hilo likubali mapema. Weka akiba ya fundi kabla ya akiba ya televisheni. Bima usiiruke hata siku moja, polisi wa barabarani hapa ni wapole wa maneno na wakali wa karatasi.

Na kuna jambo la kinamama. Kambini mama alitembea na watoto, kuni, maji, kila kitu kwa miguu yake, hakumwomba mtu ruhusa ya kwenda. Hapa mume akipata leseni kwanza, mama anafungwa ndani: sokoni mpaka abebwe, kliniki mpaka abebwe, kanisani hivyo hivyo. Nimeona nyumba zinapasuka kwa jambo hili na watu wanasema eti ni uhuru wa Marekani umemharibu mwanamke. Uhuru gani? Ni funguo. Mnaokuja wawili, jifunzeni wawili.

MamaWawili

Kaka Mkasulu, hapo kwenye funguo umesema jambo ambalo wanaume wa hapa hawaliandiki. Mimi nilijifunza nikiwa nimeshapita arobaini, mwalimu wangu mama mmoja mzungu wa kanisa la jirani, mjane, anakuja na gari lake mwenyewe. Nakanyaga breki anagonga kichwa, anasema tu "you're fine, honey". Watu wa namna hii wapo na ni wengi. Nisingependa uzi huu uishe bila wao.

Niongeze ya jikoni, maana mkuu hapa kaandika kama mtu asiyekula. Dada zangu, unga wa mahindi mweupe upo kila duka, Kusini ni watu wa mahindi kama sisi. LAKINI someni mfuko. Unga mwingi wa hapa umeshatiwa chumvi na hamira ya unga, wa kupikia mikate yao. Ukisonga ugali kwa ule unapata kitu kimevimba, kina chumvi, watoto wanacheka. Tafuteni ule usioandikwa "self-rising". Sukuma wiki wanaiita collard, wanaipika na mifupa ya nguruwe mpaka imelegea, lakini mbichi ni ile ile ya nyumbani. Bamia wanalima. Kambare wanakaanga vizuri kuliko mnavyodhani. Na mbuzi wanafuga, Kentucky ina mbuzi wengi sana, mkulima anafurahi kuuza. Ila ulizeni utaratibu wa kuchinja kwanza, msichinjie nyuma ya apatimenti, tafadhali.

Kijana270

😂😂 Hiyo ya apatimenti ilimtokea nani vile?

MamaWawili

Hatutaji majina mwanangu.

Nipo_Houston

Dada asante. Mkuu, watu wa huko vipi? Mimi ni mweusi, ni Mwislamu, nina lafudhi. Kusini ninayoijua kwenye habari ni bendera za enzi za utumwa na bunduki. Usinipambe.

Mkasulu

Sikupambi.

Bunduki zipo. Tangu 2019 Kentucky mtu wa miaka 21 na zaidi aliyeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kuibeba imefichwa bila kibali. Utamwona mtu kwenye duka la vifaa ana yake kiunoni, ananunua misumari. Miaka yote niliyokaa sijaona ikitolewa, lakini watoto wangu nawafundisha: hamgongi mlango msioujua, hamkatizi uwanja wa mtu.

Siasa: bango la kila aina uwanjani, na mwenye bango anaweza kuwa ndiye anayekusukumia gari likizima. Nilijaribu kuwapanga watu wa hapa kwa mabango yao nikaacha, hawapangiki. Mzee anayesema wageni wamezidi nchini ndiye anayemletea jirani yangu Mkongo nyanya kila Julai. Ukimkumbusha kwamba jirani ni mgeni, anakuambia "huyo si mgeni, huyo ni jirani". Sijui tucheke au tulie.

Heshima yao ya nje ni ya kwetu kabisa. Mtoto anamjibu mkubwa "yes, ma'am", "yes, sir", kama shikamoo haikosekani. Barabara za vijijini mtu asiyekujua anakuinulia kidole kutoka kwenye usukani kukusalimu. Msafara wa maziko ukipita, magari ya upande wa pili yanasimama kando, yote, hata ya vijana. Nikiona hilo huwa nawasamehe mengi.

Swali la kwanza utakaloulizwa baada ya jina ni "unasali kanisa gani?" Wabaptisti wameshika mji, Jumatano jioni nayo ni siku ya ibada. Hilo swali halina ubaya kwao, ni kama sisi tunavyouliza "wewe wa wapi?" Kwa wewe Mwislamu: Wabosnia ni Waislamu, walitangulia, kwa hiyo misikiti ipo na nyama halali ipo. Hutakuwa wa kwanza kueleza Ramadhani kazini.

Rangi, hapo ni parefu. Kijana, we unasoma chuo, waeleze Jonesville.

Kijana270

Sawa. Chuo kikuu cha hapa, Western Kentucky University, kiko juu ya kilima katikati ya mji. Chini ya kilima kulikuwa na mtaa wa Wamarekani weusi unaitwa Jonesville, ulianza baada ya utumwa kuisha: nyumba zao, makanisa yao, biashara zao. Chuo kilipotaka kupanuka miaka ya 1950 na 60 nyumba zikachukuliwa, mtaa ukaisha. Ukienda kuangalia mpira kwenye uwanja ule, unakaa juu ya Jonesville. Mtaa mwingine wa weusi, Shake Rag, ulibaki kidogo, sasa ni eneo la kihistoria.

Nilichojifunza kwa wenzangu weusi wa hapa: sisi tunafika, tunapewa samani na mashirika, kanisa linaleta blanketi, na bibi zao walinyang'anywa nyumba bila mtu kuwaletea blanketi. Wakituangalia kwa jicho fulani shuleni mnasema wanatuchukia. Ungekuwa wewe?

Na weupe kwenye mgahawa hawajui kama mimi ni wa Uvira au wa Jonesville. Mpaka nifungue mdomo. Nikifungua wanalegea, na hilo linaniudhi kuliko wangebaki vile vile.

Sasa nirudi kwenye langu. Huku KUMEPOA. Mwaka wa kwanza unafurahia, mwaka wa tatu umeshaenda kila mahali. Wenzangu wote wakimaliza chuo wanakimbilia Nashville. Wazee wanaupenda mji huu kwa sababu walishachoka. Sisi bado hatujachoka.

Mkasulu

Nimekusoma. Lakini umesoma chuo ukilala kwa mama, hudaiwi ya chumba wala chakula. Houston ungefanya hivyo?

Kijana270

Hilo sina jibu, mzee. 😅

Fundi_Nondo

Wakuu mmesahau ardhi yenyewe. Mimi nafanya ujenzi hapa. Chini ya mji huu ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, mapango matupu. Februari 2014 sakafu ya jumba la makumbusho la Corvette ilizama alfajiri, magari manane ya maonyesho yakaingia shimoni. Hakukuwa na mtu ndani. Wakafukua, wakatengeneza, na sasa watalii wanalipa kuja kuangalia habari ya shimo! Mzungu hatupi kitu.

Kwa mnaonunua nyumba: ulizeni historia ya kiwanja, tazameni mabonde ya mviringo yenye maji baada ya mvua, na muulizeni mwenye bima waziwazi kama shimo limo kwenye mkataba.

Pango la Mammoth liko jirani tu, chini ya saa moja kwa gari. Ndilo refu kuliko yote yanayojulikana duniani, wameshapima zaidi ya kilomita 680 na bado wanaendelea. Wapelekeni watoto, ila muwaeleze na habari ya Stephen Bishop. Alikuwa mtumwa, akaanza kuongoza wageni pangoni 1838, kijana bado. Ndiye aliyevuka shimo ambalo watu waliishia ukingoni mwake, akagundua mito ya ndani yenye samaki wasio na macho, na 1842 akachora kwa kumbukumbu ramani iliyotumika miaka mingi. Alikuwa mali ya mtu huku wageni wa Ulaya wakimfuata nyuma na taa. Alikufa 1857, amezikwa hapo hapo juu ya pango.

Nikienda na wageni wa kwetu, hiyo ndiyo hadithi wanayonirudishia baadaye. Samaki wanawasahau.

MamaWawili

Na kimbunga. Lazima kisemwe.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, saa saba na kitu za usiku. Simu zote zililia kwa pamoja, kwa Kiingereza. Sisi tuliokua na milio ya risasi tunajua kulala chini. Wengi hawakujua "tornado" ni nini, maana Kivu hakuna, Kigoma hakuna. Wapo waliofungua mlango kuangalia. Kaunti yetu ilipoteza watu 17, watoto wengi humo, na familia za wahamiaji waliokimbia vita wakafia kwenye nyumba waliyonunua kwa zamu za usiku. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Asubuhi yake watu walitoka na misumeno kukata miti iliyolalia nyumba za wasiowajua. Makanisa yalipika. Wabosnia walipika. Mtu alituletea blanketi na dawa ya mtoto bila kuuliza karatasi zetu.

Kwa anayehamia: nyumba nyingi za kupanga hazina chumba cha chini ya ardhi. Siku ya kwanza chagueni chumba cha ndani kisicho na dirisha, bafu au kabati, watoto wajue. Nunueni redio ya hali ya hewa, simu pekee haitoshi. Na mweke mtu mmoja wa nyumbani anayeelewa tangazo awaamshe wengine.

Mzee wa Uvira

Wandugu, asante sana kwa hii maelezo. Miye niko Arizona, nataka kuhamia huko kwa sababu joto imenizidi. Lakini niko na mtoto mukubwa alibakia Nyarugusu na watoto wake, faili yao ilikuwa imefika mwisho, walishapimwa hata afya. Je, nikihamia Kentucky, shirika ya huko inaweza kusukuma hiyo faili?

Mkasulu

Mzee wangu shikamoo. Nakujibu bila kuzunguka: hapana. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025 kwa amri ya rais, nchi nzima, na familia zilizokuwa na tarehe za ndege zikarudishwa. Kuhama jimbo hakusogezi faili. Ukiona mtu wa Kentucky au popote anakuambia umtumie hela aisukume, huyo ni tapeli, hata akiwa mchungaji. Ongea na wakili wa uhamiaji au shirika lenye idhini, na hapo hapo Arizona wapo.

Lingine kwa wazee wenye miadi ya uraia: wa huku tunaitwa Louisville kwa usaili. Louisville iko saa moja mbele yetu. Jimbo ni moja, saa ni mbili! Kuna watu wamefika wakijiona wamewahi, kumbe jina limeshaitwa. Siku ya miadi tembea na saa ya Louisville tangu jana yake.

Mzee wa Uvira

Marahaba mwanangu. Nimesikia. Inaumiza lakini nimesikia.

Nipo_Houston

Pole sana mzee.

Mkuu, la mwisho kwangu. Tuseme tunakuja kiangazi, wote wawili tuna leseni, gari lipo. Watoto wawili, mmoja wa msingi mmoja wa sekondari. Shule vipi?

Mkasulu

Msije mwishoni mwa Agosti mkidhani mmewahi, huku shule zinafunguliwa mwanzoni mwa mwezi huo. Mje na kadi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya Texas, na karatasi yenye anwani yenu, mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Walimu wamezoea watoto wa lugha nyingi, hilo lisiwatishe.

Jambo moja wageni hawalijui: kuna mifumo miwili ya shule, ya mji na ya kaunti, kila mmoja na bodi yake, na anwani yako ndiyo inayoamua, siyo unavyopenda. Mpaka unapinda pinda. Apatimenti hii ni ya mji, ile ya ng'ambo ni ya kaunti, na mwenye nyumba hana habari. Kabla ya kusaini mkataba piga simu ofisi ya shule, uwatajie anwani kamili, wakuambie basi la watoto linapita saa ngapi na linasimama wapi. Halafu pima hiyo saa na zamu mtakazopewa.

Nipo_Houston

Nimekupata. Nakuja PM na anwani mbili nilizoziona, uniambie.